Mpiga Drams wa Umoja Anatafuta Bendi: Maswali ya Wasomaji na Majibu

SWALI

Kwa Mhariri wa safu ya muziki, pokea salamu zangu.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Nimepiga drams kanisani tangu nilipokuwa shule ya upili, lakini muziki ninaousikiliza na kuufanyia mazoezi nikiwa peke yangu ni roki, hasa ile nzito. Nia yangu ni kuunda bendi ya watu watano: wapiga gita wawili, mpiga besi, mwimbaji na mimi mwenyewe. Sitaki kundi la kujifurahisha Jumamosi moja kisha tusahauliane hadi mwezi ujao. Nataka bendi itakayotunga nyimbo zake, izirekodi, na ipande jukwaani ikiwa imejiandaa.

Nilibandika tangazo katika studio mbili za mazoezi lililosema: "Natafuta wanamuziki makini wa roki." Waliojitokeza ni wengi kuliko nilivyotarajia, ila kila mmoja ana lake. Kuna mpiga gita hodari sana ambaye hufika saa nzima baada ya muda tuliokubaliana, na akifika huanza kuulizia waya wa kuazima. Mwingine anataka tupige nyimbo za watu kwenye baa ili tupate pesa za haraka. Mwimbaji niliyempata ana bendi nyingine tatu. Isitoshe, mlinzi wa ploti yetu ameshanionya kwamba mwenye nyumba akisikia tena zile ngoma, nitafute kwingine pa kuishi.

Naomba mnisaidie. Nitawapata wapi watu wenye mawazo kama yangu? Nitajuaje kwamba mtu ana nia ya dhati kabla sijapoteza nusu mwaka nikiwa naye? Na je, ni lazima kila mmoja apende bendi zilezile ninazozipenda?

Mpiga Drams, Umoja

JIBU

Ndugu Mpiga Drams, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Si lazima. Ukiisoma barua yako upya utaona kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao watatu uliyemlalamikia kwa sababu ya muziki anaoupenda. Umelalamikia saa, waya, pesa na ahadi. Watu wanaweza kupenda bendi kumi zilezile na bado washindwe kukutana Jumanne mbili mfululizo, na wengine wakabishana kuhusu nusu ya muziki wanaousikiliza na bado wakadumu pamoja miaka mingi, mradi wameelewana kuhusu muda, fedha na mahali. Kwa hiyo tafuta kwanza watu wanaoichukulia kazi kama unavyoichukulia wewe, na suala la ladha liwe la pili.

Nadhani pia hujakitambua vizuri kiti unachokalia. Katika jiji hili kila mtaa una vijana wenye gita, kwa sababu gita hubebwa kwenye matatu na hupigwa chumbani bila kumkera mtu. Drams huhitaji pesa, nafasi, usafiri na majirani wavumilivu, na ndiyo maana bendi changa nyingi hukosa mpiga drams kabla ya kukosa mtu mwingine yeyote. Wewe ndiye unayetafutwa, ingawa unaandika kama mtu anayeomba nafasi. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walipompoteza mpiga drams wao, John Bonham, mwezi Septemba mwaka 1980, waliobaki hawakuweka mwingine mahali pake; kufikia Desemba walikuwa wametangaza kwamba bendi imekwisha.

Wala hutakuwa mpiga drams wa kwanza kuanzisha bendi kwa tangazo. Mwaka 1976, Larry Mullen, mvulana wa miaka 14, alibandika karatasi kwenye ubao wa shule yake jijini Dublin akiwaita wenzake. Walioitikia wakakutana jikoni kwa kina Mullen, na mkutano huo ndio uliozaa U2. Miaka mitano baadaye, jijini Los Angeles, Lars Ulrich alitoa tangazo katika gazeti la matangazo madogomadogo, akataja kwa majina bendi ambazo angependa kupiga nyimbo zake. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gita, akapatikana kwa njia hiyo, na mwaka huohuo wa 1981 Metallica ikaanza. Mtazame na Adam Clayton aliyeingia U2 kama mpiga besi: wakati ule kuipiga hiyo besi kulikuwa kunamshinda, lakini alikuwa na gita lake na amplifaya yake. Ustadi ulimjia akiwa ndani ya bendi.

Sasa turudi kwenye tangazo lako. "Wanamuziki makini" ni maneno ambayo kila mtu huyasoma na kujiona, hata yule wa kuazima waya. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mpiga drams anaunda bendi ya roki nzito yenye nyimbo zake yenyewe. Mazoezi yatakuwa Jumanne jioni na Jumapili alasiri, karibu na Barabara ya Jogoo, na kila mmoja atachangia kodi ya chumba. Uje na chombo chako na waya zako. Hatutapanda jukwaani kwa miezi minne ya kwanza. Tuma rekodi ya dakika mbili ukipiga chochote, hata ya simu." Hapo chini ongeza majina ya bendi tatu ili msomaji ajue ni sauti gani unayoiwazia. Tatu zinatosha, ukiorodhesha ishirini utawaita watu wa kuja kubishana na orodha.

Tangazo la namna hiyo litawafukuza wengi, na ndiyo kazi yake. Sentensi ya miezi minne itamwondoa anayetaka pesa za haraka, na ile ya waya itamwondoa yule hodari wako, au itambadilisha. Rekodi ya simu nayo ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: usiitumie kupima ustadi, angalia ilichukua muda gani kukufikia. Mtu anayehitaji wiki tatu na vikumbusho vinne kutuma dakika mbili za gita ndivyo atakavyofanya pia siku mtakapohitaji sehemu yake ya wimbo studioni.

Kuhusu yule wa baa, usimdharau. Wanamuziki wengi wazuri wa Nairobi huwalipia watoto karo kwa kupiga nyimbo za wengine hadi usiku wa manane, na hiyo ni kazi halali yenye nidhamu yake. Ila ni kazi nyingine. Bendi ikijaribu kufanya zote mbili mwanzoni, ile inayolipa leo humeza ile ambayo huenda ikalipa baadaye, nanyi mtajikuta mna nyimbo arobaini za watu na mbili zenu ambazo hazijakamilika.

Unauliza watu hao wako wapi. Wengi watakwambia Nairobi si mji wa roki, lakini historia inawakatalia. Katika miaka ya 1970 bendi za roki za Zambia, zikiwamo WITCH na Musi-O-Tunya, zilikuja kurekodi hapa kwa sababu studio za Nairobi zilikuwa na vifaa ambavyo kwao havikuwapo. Katika miaka ya karibuni tumekuwa na bendi kama Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na Crystal Axis, na mwaka 2020 vijana wawili wa hapa, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya kundi lao, Duma, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika hadi Ulaya. Hao wawili, kwa taarifa yako, walitengeneza midundo yao kwa mashine. Anayekosa mpiga drams siku hizi ana njia nyingine, kwa hiyo usikawie mno kuchagua.

Anza pale ulipo, yaani kanisani. Sehemu kubwa ya wapiga vyombo wa jiji hili wamefunzwa na Jumapili: wamezoea kufika mapema, kufuata mwimbaji anayebadilisha ufunguo wa wimbo bila kuaga, na kupiga kwa adabu nyuma ya kile kioo cha plastiki kinachozungushiwa drams. Mpiga besi wa kanisa la jirani anayesikiliza roki kwa siri huenda anakusubiri wewe. Pita pia kwenye chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music pale penye Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, na katika idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa maana wanafunzi wana muda na hamu. Zungumza na mafundi wanaotengeneza amplifaya na gita huko mjini. Fundi humjua mteja anayekuja kubadilisha nyuzi kila mwezi, na humjua yule ambaye gita lake limekaa kwenye rafu mwaka mzima bila kuchukuliwa.

Na kuna sehemu moja ambayo watu wa roki hawaendi, nami huona wanakosea: kwa wapiga benga, ule muziki wetu wa dansi wa gita. Katika benga gita la besi halijifichi nyuma. Hutembea, hujibizana na gita la kwanza, na hufanya hivyo juu ya mguu wa drams, yaani ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, usioyumba hata kidogo. Mtu aliyelelewa humo ana muda wa saa kichwani. Utamfundisha sauti chafu ya roki kwa mwezi mmoja, lakini kumfundisha mpenzi wa roki kukaa kwenye muda huchukua miaka. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya mpiga besi anayeijua historia yote ya roki na yule aliyepiga benga kwenye harusi na matanga kwa miaka mitano, sitafikiri mara mbili.

Hiyo inanileta kwenye utaratibu wa majaribio. Usiwaite wote wanne kwa siku moja. Tafuta mpiga besi kwanza, mkae wawili tu kwa vikao kadhaa, kwa sababu bendi ya roki husimama au kuanguka kati ya mguu wako na kidole chake. Mpe nyimbo mbili wiki moja kabla, na moja iwe ya polepole, mapigo 70 hivi kwa dakika. Wimbo wa kasi huficha mengi. Wa polepole huacha nafasi tupu kati ya pigo na pigo, na humo ndimo utakapomsikia mtu akikimbia. Washa metronomu, ile programu inayogonga mapigo, kwenye simu, pigeni ubeti mzima nayo, kisha muizime mpige ubeti mwingine bila kusimama, halafu muiwashe tena mwone mmefika wapi. Mkikuta mmepotea pamoja, mnafaa kuendelea. Kila mmoja akiwa amepotelea kwake, afadhali mjue mapema.

Baada ya hapo mlete mpiga gita wa kwanza, na umtazame kabla ya muziki kuanza. Je, amefika akiwa ameshaziweka sawa nyuzi zake? Amejifunza wimbo, au anauliza unaanzia wapi? Mwimbaji akianza kuimba, anaipunguza amplifaya yake au anaipandisha? Hilo la mwisho mimi hulipa uzito kuliko vidole vyake. Studio ndogo yenye drams na amplifaya mbili hupita desibeli 100, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa urahisi, na kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, sikio lisilokingwa halifai kukaa katika kelele ya desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku. Kwa hiyo nunueni vizibo vya masikio kabla ya kununua kitu kingine, na wewe uanze, maana matoazi yako, zile sahani za shaba, yako karibu na masikio yako kuliko ya mtu yeyote.

Mwimbaji aje mwisho. Mwenye bendi tatu usimkatae kwa hasira, mwambie tu siku zenu ni Jumanne na Jumapili, na umwache ajipime mwenyewe.

Kuhusu fedha, endesheni mambo kama chama. Kila mmoja atoe kiasi kilekile kila mwezi kwa M-Pesa, mtu mmoja aweke daftari, na mtu mwingine, asiwe yuleyule, alikague. Pesa hizo zilipe chumba cha mazoezi kwanza, na zinazobaki zisubiri siku ya kurekodi. Chombo kinachonunuliwa kwa pesa za pamoja kiandikwe kuwa ni cha bendi, na muandike pia kitakwenda kwa nani ikiwa bendi itavunjika. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifia kwenye spika mbili ambazo hakuna aliyekumbuka nani alizinunua.

Kuna jambo moja ambalo mpiga drams hana budi kulisema mapema, hata kama litaonekana la uroho. Kwa desturi, mtunzi wa wimbo huhesabiwa kuwa ni yule aliyeandika maneno na yule aliyebuni tuni ya kuimbwa. Aliyebuni mdundo mara nyingi huachwa nje ya karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya muziki kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo jina lisiloandikwa mwanzoni ni hasara ya muda mrefu. U2 niliowataja walichagua kugawana mapato ya nyimbo zao kwa usawa, na inaaminika kwamba hilo limewaepushia magomvi mengi. Nyinyi mnaweza kuchagua mgawo mwingine. Lakini uandikwe wimbo ukiwa bado mbichi, kabla haujapata jina, na mkishaurekodi muusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kila mwisho wa mazoezi rekodini kwa simu kile mlichobuni na mtaje tarehe kwa sauti. Rekodi hiyo itakuwa shahidi siku ambayo kumbukumbu zitatofautiana.

Suala la mlinzi na mwenye nyumba nimelijibu katika barua inayofuata, ambayo imetoka upande wa pili wa ukuta.

SWALI

Mimi ni mama mwenye ploti ya ghorofa huku Eastlands. Nina mpangaji anayepiga ngoma za bendi. Ni kijana mwenye adabu na hulipa kodi kabla ya tarehe tano, lakini wapangaji wa chini yake na wa pembeni wanatishia kuhama. Amebandika trei za mayai kwenye ukuta mzima na kuniambia kwamba kelele zimekwisha. Hazijaisha. Je, nimfukuze?

Mama Ploti, Eastlands

JIBU

Shikamoo Mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kufunga mlango wa mtu kwa kufuli. Sitauliza kama mpangaji wako ndiye yule aliyeandika hapo juu.

Sheria iko upande wako. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira na kusimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi wakati wa mchana, na 35 usiku; na usiku kwa hesabu ya kanuni hizo huanza mara tu baada ya saa mbili jioni. Drams kamili zikipigwa kwa nguvu hutoa zaidi ya desibeli 100. Hakuna chumba cha kawaida cha ploti kitakachoushusha mlio huo kiasi cha kutosha.

Trei za mayai hazikusaidia, na kijana hakukudanganya kwa makusudi, maana uvumi huo umeenea kote. Kitu chepesi chenye mashimo hupunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba, kwa hiyo yeye anasikia tofauti na kudhani majirani nao wanaisikia. Kinachozuia mlio kutoka ni uzito na kuziba kila upenyo: ukuta mnene, mlango mzito, dirisha lisilopitisha hewa. Na hata ukiziba vyote, ile ngoma ya mguu haipiti hewani tu. Hupita kwenye sakafu yenyewe, ikashuka kwenye nguzo, na ndiyo maana mpangaji wa chini huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Usimfukuze mpangaji anayelipa mapema. Mwite mwandikiane makubaliano: drams kamili zihamie kwenye chumba cha mazoezi anachokodi na wenzake, na nyumbani abaki na vibao vya mpira vya kufanyia mazoezi, vinavyotoa sauti ya mtu anayegonga meza kwa vidole. Hivyo ndivyo wapiga drams wa fani hiyo hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao ya mikono. Kibao cha mguu kiwekwe juu ya godoro kuukuu au jukwaa dogo la mbao lililolazwa juu ya mpira laini, ili mtikisiko usifike kwenye sakafu, na saa za kupiga zijulikane na ploti nzima. Akikataa hayo yote, hapo mpe notisi kwa maandishi kama ilivyo kwenye mkataba wenu.

SWALI

Mimi ni mwimbaji, naishi Buruburu, na naandika nyimbo za roki kwa Kiswahili. Kila ninapokutana na wapiga vyombo huniambia kwamba Kiswahili hakikai kwenye roki, kwamba maneno yetu ni marefu na laini mno, na kwamba niandike kwa Kiingereza kama wengine. Je, wanasema kweli?

Mwimbaji, Buruburu

JIBU

Dada, kabla ya yote, ukituruhusu tutampa yule kijana wa Umoja njia ya kukufikia. Ana drams, anasaka mwimbaji, na Buruburu si mbali na kwake.

Wanaokwambia hivyo hawajahesabu. Washairi wetu wamekuwa wakihesabu kwa karne nyingi, na hesabu yao inaingia kwenye roki vizuri ajabu. Shairi la kawaida lina mizani, yaani silabi, kumi na sita katika mshororo, nane kwenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili. Mdundo wa kawaida wa roki nao una mapigo manne, na kila pigo hugawanywa mara mbili na matoazi ya mguu, yale mawili yanayofungwa kwa kanyagio, jumla nane. Kipande kimoja cha mshororo hujaza mzunguko mmoja wa drams bila kubaki na bila kupungua.

Kuna zaidi ya hapo. Katika roki ile ngoma ndogo kali, snea, hupigwa kwenye pigo la pili na la nne, yaani kwenye mizani ya tatu na ya saba kati ya zile nane. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa ajili yako: "mji huu haulali." Hesabu kwa vidole: m, ji, hu, u, ha, u, la, li. Mkazo wa kwanza uko kwenye mizani ya kwanza, ambapo mguu wa mpiga drams unashuka. Wa pili uko kwenye "hu", na hapo snea inalia. Wa mwisho uko kwenye "la", na snea inalia tena. Maneno na ngoma yamekutana bila mtu kuyasukuma. Kipande chochote cha mizani nane kinachofunga kwa neno la mizani mbili au zaidi kitaangukia kwenye snea ya pigo la nne, kwa sababu mizani ya saba ndiyo ya pili kutoka mwisho.

Ukitaka kuvuruga kidogo, anza na neno la mizani tatu. "Usiku huu mrefu" ni nane vilevile, lakini mkazo wa "si" na wa "hu" unaangukia kati ya mapigo, kisha "re" inarudi kwenye snea. Msikilizaji anahisi mguu umeteleza kisha ukapata ardhi. Changanya vipande vya namna ya kwanza na vya namna hii katika ubeti mmoja, na hakuna atakayekwambia Kiswahili ni laini.

Palipo na ugumu wa kweli ni kwenye ile mizani ya nane. Mstari wa Kiingereza mara nyingi hukatika kwa neno fupi lililo juu ya pigo, na mpiga drams aliyelelewa na roki ya Kiingereza amezoea kuangusha toazi kubwa papo hapo mstari unapoisha. Kwetu baada ya snea hubaki silabi moja isiyo na mkazo, na akiangusha toazi hapo ataimeza. Badala ya "haulali" watu watasikia "haula". Mwombe alizuie lile toazi hadi pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, na kwenye ile nusu ya pigo iliyobaki aache mikono yake hewani.